Boriti Kumi na Tisa

Fundi Machano kavua viatu kizingitini, kaamkia,
kisha kainua shingo
kama mtu anayetafuta mwezi uliokwisha andama.
"Ukuta huu," kasema, kaugonga kwa kidole,
"ni jina tu. Chokaa na udongo.
Nikitia parafujo, itatoka na babu yenu."
Ya ukutani tukaifuta.
Ikabaki ya darini.

Mlandege nimekwenda mara tatu.
Saadun ana kikokotoo, ana karatasi za rangi,
ana chai ya tangawizi kwa wateja wasiokata shauri.
Kaseti, ananambia, ina midomo minne,
hakuna pembe ya chumba itakayolalamika.
Alfu kumi na mbili haitoshi. Ishirini na nne
itakula Tukuza kama bwana harusi wa fungate.
Chukua kumi na nane.
Thuwaiba kwenye simu: chukua kubwa, pesa natuma.
Thuwaiba kila kitu hukipima kwa Maskati.

Lakini kaseti haikai uchi.
Yataka dari ya pili, jipsamu nyeupe,
imezwe mabega yote, uso tu ubaki nje,
na bomba lenye mteremko, maana maji,
kasema Machano, hayajui kupanda
hata uyabembeleze.
Shibiri moja na nusu chini ya boriti.
Shibiri moja na nusu si kitu, nikasema.
Nyumba yenyewe ndefu hii.

Mama alikuwa kimya kitandani.
Tangu Rajabu upande wake wa kulia umelala,
naye kalala nao, chali,
jasho la kaskazi limemjaa kwenye bonde la shingo,
nami nampepea kwa kipepeo cha ukili
mpaka mkono wangu nao ufe ganzi.

"Ziko kumi na tisa."

Ulimi mzito. Maneno yalitoka yamelowa.
Futi ya Machano ikajirudia yenyewe, tap.

"Boriti. Ya nane ina jicho.
Ya kumi na tatu ina ndoano, susu lako lilikuwa pale.
Ya mwisho baba yako kaipaka lami kwa ajili ya mchwa,
ikamdondokea kanzu ya Idi."
Akapumua kama aliyepanda ngazi.
"Baada ya alfajiri nazihesabu kwenda.
Baada ya isha, kurudi.
Mie sasa sina dirisha, mwanangu. Nina dari."

Nilikuwa nimechagua kwa ngozi yake.
Macho sikuyauliza.

Basi tukatwaa ile ya kuning'inia,
ndefu, nyembamba, isiyotaka jipsamu,
imeshikwa kwa vyuma kwenye boriti mbili za mlangoni.
Inapuliza upande mmoja tu. Inakoroma kidogo.
Saadun kacheka: hizi watu huweka madukani!
Thuwaiba kaikata simu, kisha kapiga tena
kuuliza rangi yake.
Mashine ya nje haikufaa kuonekana kichochoroni,
tumeitundika uani juu ya kisima,
na paka wa Kiponda nzima
wamehamia kwenye pumzi yake ya moto.

Usiku wa kwanza mama kaitazama muda mrefu,
ile sura yake ya sanduku lililokosa pa kuwekwa.
"Mchagua nazi," akaanza, asimalize.
Kisha: "Kumi na saba. Mbili umezificha."
"Nizitoe?"
"Wacha. Hizo nazijua kwa moyo."
Akaomba shuka.
Tangu Rajabu hajaomba shuka.

Nikalala chini, mkekani, chali kama yeye.
Miaka arubaini na moja nimekaa nyumba hii
nikitazama sakafu, nikifagia.
Ya nane kweli ina jicho.
Nimefika ya kumi na tatu, nikaiona ndoano,
nikapoteza hesabu, nikaanza upya,
na kule ukumbini Tukuza ikalia:
zimebaki yuniti tisa.